Alama za Jaliah

"Nani alikushika hivi?" Muzamiru aliuliza, akiupandisha mkono wa gauni la dada yake. Juu ya kiwiko palikuwa na alama za zambarau, kubwa kama viganja.

Jaliah alishusha nguo. "Hakuna mtu, kaka."

Mumewe, Shakul, aliendelea kupiga pasi. Makaa yalikuwa yamekolea, na shati lilikuwa la mteja. Tangu Ramadhani iishe, alama zilikuwa zikizuka zenyewe mwilini mwa mkewe: kwanza madoa madogo mekundu miguuni, kama aliyerukiwa na cheche, kisha michubuko. Alimnunulia dawa ya kupaka. Majirani wa mtaa wao wa Namakwekwe hawakuiona dawa. Waliiona michubuko, wakaanza kupeleka nguo zao kwingine, na mmoja akapiga simu Budondo, kwao Jaliah, karibu na Jinja. Ndiyo maana Muzamiru alikuwa amekuja kutoka Jinja kumchukua dada yake.

"Sijawahi kumpiga, shemeji."

"Wote husema hivyo. Twende kwa daktari kwanza. Polisi baadaye."

Shakul aliyamwaga makaa, akawafuata.

Kliniki, daktari aliyeitwa Phiona hakuuliza habari za mume. Aliyabonyeza madoa, hayakufifia. Akatazama fizi, zilikuwa zinavuja damu. Akachukua damu ya kupima, na alasiri akawaita wote watatu.

"Hakuna aliyempiga," alisema. "Ngozi inaonyesha tu. Ugonjwa uko kwenye damu yenyewe, na naogopa ni saratani. Aende Kampala kesho, asichelewe."

"Nilikula nini, daktari?" Jaliah aliuliza.

"Hukula kitu. Inakuja tu."

Muzamiru aligeuka. "Shemeji, nisamehe."

Shakul aliitikia kwa kichwa. Asubuhi hiyo hakuna alichokitaka kama kuaminiwa. Sasa aliitazama mikono yake yenye makovu ya pasi, akatamani kosa lingekuwa la mikono hiyo. Mikono angeweza kuizuia.

Kesho yake walipanda basi wote watatu. Jaliah alilala akiegemea dirisha, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Basi liliposimama Jinja, kondakta aliita wanaoshuka. Jaliah akafumbua macho.

"Kaka, umefika."

Muzamiru alitazama nje, wauzaji wakiinua maji na ndizi za kuchoma madirishani. Hakuinuka. Mlango ukafungwa, basi likateremka taratibu kuelekea darajani, na chini yao Nile ikawa inapita.