Mlio wa Upande wa Eidimwa

Eidimwa aligoma kupanda gari siku ya Jumatatu, na kabla jua halijazama Nauru nzima ilikuwa na la kusema. Ndivyo kilivyo kisiwa chetu. Ukipiga chafya Anabar, mtu wa Boe anakuambia pole.

Mumewe, Dabuae, alichanganyikiwa. Tangu kisukari kilipoyazima macho ya mkewe, kila jioni alimkalisha kiti cha mbele, akafungua dirisha, akamzungusha kisiwa kwa ile barabara yetu moja, bahari ikiwa upande wake mwanzo hadi mwisho. Eidimwa hakuona kitu, lakini alijua kila walipopita: hapa kanisa, hapa bandari, hapa kuna mtu anachoma samaki na amesahau kuwageuza. Siku nzima alikaa ndani akiingoja safari hiyo. Hakuwa na nyingine.

Sasa gari lilikuwa linagonga. Ko! Kila lilipokata kona kwenda kulia, ko! chini ya nyayo zake.

"Mimi sisikii kitu," alisema Dabuae.

"Utasikia na nini? Masikio uliyaacha kwenye mashine za fosfati. Kuna kitu kinataka kukatika hapo chini, na mimi sitaki kuingizwa baharini nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Sipandi."

Dabuae akamwita Teburea, fundi Mkiribati mwenye karakana kule Aiwo. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kwetu gari halisikilizwi na mtu mmoja. Gari ni la ukoo, na ugonjwa wake ni wa ukoo pia. Teburea hajashika usukani, tayari Eiroben, mdogo wake Eidimwa, amekwishajipakia kiti cha nyuma na wanawe. Akafuata binamu aliyewahi kumiliki pikipiki. Wakafuata majirani wawili waliokuwa wanapita tu, na bibi mmoja aliyedhani wanakwenda dukani. Gari likadidimia mpaka bomba la moshi likawa linafagia barabara. Wanaosema kaa walikuwa wanarukaruka kulikwepa hawajaongeza sana.

"Nyamazeni tusikilize!" alipiga kelele Eiroben, na yeye ndiye aliyekuwa anaongea.

"Hizo ni bushi, zile raba za huko chini," alisema binamu.

"Bushi za wapi? Hata hatujaondoka!"

Walizunguka kisiwa chote. Teburea alikata kona kali, akapanda matuta, akafunga breki ghafla mpaka bibi akaomba ateremshwe. Hakuna ko. Hakuna hata ki.

"Shemeji, gari lako zima," Eiroben alitangaza waliporudi, akaingia moja kwa moja chumbani kwa dada yake. "Dada, macho yameondoka, sasa masikio yanajitungia hadithi!"

Watu wakacheka. Dabuae naye akacheka, kidogo tu, kwa kuwafuata wenzake. Eidimwa aliusikia mcheko huo katikati ya yote. Akageukia ukutani, akajifunika shuka.

Jioni iliyofuata Dabuae alisimama mlangoni na funguo mkononi. "Twende, mama. Fundi amesema halina kitu."

"Nenda na fundi."

Na iliyofuata vivyo hivyo. Alimpelekea samaki mbichi waliolowekwa kwenye tui la nazi, anaowapenda, akala vijiko vichache. Hakuuliza upepo unavuma kutoka wapi wala nani amepita. Jambo hilo lilimtisha Dabuae kuliko mlio wowote. Akakaa kibarazani, akijiuliza: mwanamke huyu amewahi kuniambia kitu ambacho hakipo? Akapekua miaka yote ya ndoa. Hakupata hata kimoja. Akainuka, akaenda Aiwo.

"Twende tena," alimwambia Teburea. "Mimi na wewe tu. Wewe endesha."

"Mzee, si tulishasikiliza?"

"Safari hii mimi nakaa kwake."

Akakaa kiti cha mkewe, akavua kandambili, akabandika nyayo sakafuni. Teburea akakata kona ya kwanza kwenda kulia. Dabuae hakusikia kitu, ila kisigino chake cha kushoto kilipigwa kama kwa nyundo. Akamtazama Teburea. Teburea alikuwa ameshasimamisha gari.

"Ko," alisema fundi polepole.

Walilipiga jeki palepale kando ya barabara. Teburea akapitisha mtaimbo chini ya gurudumu la kushoto la mbele, akainua. Gurudumu likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Boljointi, mzee, kiungo kinachoshika gurudumu. Imekwisha. Mmezunguka upande mmoja siku zote, kona zote za kulia, uzito wote unalalia huku kushoto." Akajifuta jasho. "Juzi mlilibebesha ukoo mzima, likakandamizwa pasiwe na nafasi ya kugonga. Mngempakia mtu mmoja zaidi, lingepona kabisa."

Dabuae hakucheka. "Na tungeendelea kuzunguka?"

"Ingechomoka. Gurudumu linalala chini, na upande huo ni wa bahari. Ni wa mama."

Boljointi nzima waliipata kwenye gari la aina ileile lililokufa nyuma ya nyumba ya binamu. Teburea akaifunga, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, wakajaribu kona zote. Kisha Dabuae akaenda kupiga magoti kando ya kitanda.

"Ulisema kweli. Nami nilicheka."

Eidimwa akageuka kutoka ukutani. "Nilikusikia," akasema, kisha akanyoosha mkono kutafuta gauni lake.

Walipotoka nje, kiti cha nyuma kilikuwa kimeshajaa.

"Tumekuja kusikiliza lisivyogonga!" alisema Eiroben.

"Shukeni," alisema Eidimwa.

"Hata mimi, dada?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Wakashuka, wakinung'unika. Gari likaondoka na watu wawili tu. Kwenye kona ya Meneng Eidimwa alishika mlango, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa mwili mzima. Dabuae, ambaye masikio yake yasingemwambia lolote, alimgeukia ausome uso wake.

"Tazama barabara, bwana," alisema Eidimwa.