Bonde Linalolowa Saa Kumi

Bibi alikuwa ameshapanda gari. Alikaa mbele na dereva, mkoba mapajani, godoro lake limefungwa kamba nyuma juu ya masufuria, na injini ilikuwa inanguruma. Alikuwa na haraka moja tu.

“Tuondoke kabla ya saa kumi,” alimwambia dereva. “Leo nataka nifike mahali nikiwa mkavu.”

Mkwe wake, fundi cherehani, alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimshika mkono binti yake, ambaye watu walimwita Kifungo kwa sababu alikuwa mdogo, wa mviringo, na hakosekani popote mama yake alipo. Fundi hakulia. Alishamwambia mama mkwe yote ya kuambiwa, na mama mkwe alishajibu yote ya kujibiwa.

“Mwanangu, nafasi bado ipo,” Bibi alisema dirishani. “Godoro linasogezwa.”

“Mama, nikiondoka nimeondoka. Sheria ya viwanja ya mji unaijua.”

“Mimi naijua. Maji je, nayo yanaijua?”

Dereva akatia gia. Bibi alikuwa anakwenda kukaa kwa mwanawe mdogo, mlimani upande wa pili wa mji, katika chumba chenye dirisha moja na kuta zisizo na ukungu. Gari likapanda mteremko, likapiga kona, likapotea. Saa kumi ilipofika, bonde lote likalowa.

Lililowa kama lilivyolowa jana yake. Hapakuwa na mvua, wala bomba lililopasuka, wala kishindo. Kila kitu kilipata maji kutoka chini hadi kimo kimoja, kisha yakaishia hapo, sawasawa, kama rangi ya ukutani. Kwa muda wa kuchemsha birika la chai watu walibaki hivyo, kisha unyevu ukaacha, wakakamua nguo zao na kuendelea na kazi. Ilikuwa hivyo tangu tingatinga lilipomaliza kung'oa msitu wa mlimani. Mpango wa mji uliokuwa umegawa viwanja bondeni ndio uliokuwa umegawa msitu ule pia, kwa nyumba za wakubwa. Maji yaliyozoea kulala kwenye mizizi yalikosa pa kulala.

Kwa kuwa kimo kilikuwa kimoja, kila mtu alilowa kwa kadiri ya urefu aliopewa na Mungu. Mlingoti, mchoma vyuma, alilowa kiunoni tu na akajiona muungwana. Fundi alilowa hadi kifuani. Jirani yao fundi baiskeli, ambaye jina lake la utani lilikuwa Nusu, alilowa hadi chini ya pua, hivyo saa kumi aliinua kidevu na kuzungumza akitazama mbingu.

“Nusu, leo umevuka?” Mlingoti alimpigia kelele.

“Nimevuka kwa vidole vya miguu, bwana mrefu. Shibiri moja tu ningeongezewa, ningeoa leo.”

“Nani aolewe na wewe unayenuka matope kila jioni?”

“Anayenuka hivyo hivyo. Tumejaa humu.”

Kifungo alizama kabisa. Siku za mwanzo alitoka kwenye ule unyevu akikohoa maji puani, macho mekundu, na mama yake akampiga mgongo mpaka akapumua. Ndipo Fundi alipomwita seremala, akamtundikia rafu pana karibu na dari, ikapigiliwa misumari mirefu kwenye ukuta. Saa kumi ilipokaribia alipandisha juu majora ya vitambaa na nguo za wateja, kisha akampandisha Kifungo, akamkalisha katikati. Kifungo alipenda huko. Alichezea vipande vya vitambaa na kumwangalia mama yake akilowa.

Kila nyumba yenye mtoto ilipata rafu kama ile. Maseremala hawakuwahi kuwa na msimu mzuri kama huo.

Kaka yake Fundi alikuwa mpimaji katika ofisi ya mipango ya mji. Ndiye aliyepima bonde. Sheria ilisema nyumba ziwe mita arobaini kutoka kwenye maji, haikusema maji ya msimu gani. Ofisi ilimtuma kiangazi, kwa sababu masika gari lake halikuweza kufika. Alikuta mto umebaki uzi, mtu angeuruka bila kuvua viatu. Akaweka mguu mmoja kwenye uzi ule, akapima mita arobaini huku na mita arobaini kule, akachimbia bikoni za zege za kuonyesha mipaka. Chini ya miguu yake kulikuwa na mchanga mweupe na kokoto za duara, laini kama mayai. Alizipenda kokoto zile, akamchukulia mpwa wake moja. Kazi ilikuwa sahihi, ikapitishwa. Dada yake, aliyekuwa amefiwa na mume na kuchoka kupanga chumba, alipata kiwanja kwa mkono wa kaka.

Siku chache baada ya Bibi kuhama, mpimaji alikuja na akakutwa na saa kumi sebuleni. Alilowa hadi kwenye mfuko wa shati, peni ikiwa ndani. Wino ulisambaa kifuani.

“Mjomba umevuja,” Kifungo alisema kutoka rafuni.

“Nimevuja, mjomba.”

Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa kinachuruzika, akamwambia dada yake kwa sauti ya chini, “Njooni kwangu. Wewe na mtoto. Chumba cha wageni kipo.”

“Na kiwanja?”

“Anayehama kwa hiari yake hahamishwi. Ndivyo ilivyo. Ili mpewe viwanja vingine lazima amri iwakute ndani.”

“Basi itanikuta ndani.”

“Dada, nipe angalau mtoto.”

Fundi alikuwa anakamua pindo la gauni. Hakuacha kukamua. “Wakija kuhesabu na mtoto hayupo, mimi ni kaya ya mtu mmoja. Kaya ya mtu mmoja inapewa nini?”

“Haipewi.”

“Bikoni hiyo hapo nje uliichimbia wewe, kaka, ukanipigia simu umefurahi. Sasa nenda kawaambie waitoe. Mimi nakusubiri hapa, sina pengine.”

Mpimaji alisema atapeleka jambo lile kwenye kikao. Alilipeleka kweli. Hakuwa mtu mwongo.

Watu wa bondeni walialikwa kujieleza, na kwa kuwa kikao kilichelewa kuanza, saa kumi iliwakuta njiani karibu na daraja. Waliingia ukumbini wakichuruzika. Mkuu wa mipango, mtu mpole aliyependa kahawa isiyo na sukari, aliangalia sakafu kwanza, kisha akawaangalia wao.

“Kuna mafuriko?” aliuliza.

“Hakuna, mheshimiwa.”

“Kuna mvua?”

“Hakuna.”

“Mto umetoka kwenye njia yake?”

“Uko kwenye njia yake. Sisi ndio tuko kwenye njia yake,” Nusu alisema, na watu wakacheka. Mkuu naye alicheka, maana hakuwa mtu mbaya.

Akawaeleza polepole, kama mtu anayewaeleza watoto wa ndugu yake, kwamba eneo hatarishi kwa mujibu wa kanuni ni eneo lililowahi kufurika. Eneo ambalo halijafurika haliwezi kutangazwa, na lisilotangazwa haliwezi kuhamishwa. Aliwauliza kama kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekuwa amekufa. Basi akauliza, tunatangaza nini?

Mpimaji alisimama. Alisema kipimo kilichukuliwa kiangazi, na kwamba kosa ni lake.

“Kosa gani?” Mkuu alimwuliza. “Ulipima mita ngapi?”

“Arobaini.”

“Sheria inasema ngapi?”

“Arobaini.”

“Kaa chini, bwana. Usijitafutie makosa.”

Ili isije ikasemwa ofisi haijali, Mkuu alikwenda bondeni mwenyewe siku iliyofuata, na wataalamu wake. Saa kumi waliposimama uwanjani mwa Fundi walilowa, mfupi wao hadi kwenye fundo la tai. Mkuu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. “Nimeona,” alisema. “Nimejionea mwenyewe.” Kisha wakabadilisha suruali ndani ya gari.

Uamuzi ulitoka wiki ile ile. Ofisi ya mipango ilikuwa mdomoni mwa bonde, chini kidogo ya daraja, na ghorofa ya chini ndiyo iliyotunza ramani. Ramani zote zikapelekwa mlimani. Vilevile kapeti la mpira likawekwa mlangoni, na wakazi wa bondeni wakaombwa kwa heshima waje ofisini asubuhi.

Mlimani kwa mwanawe, Bibi aliusikia uamuzi huo redioni. “Karatasi zimehama kwa hiari yao,” alisema. “Hizo zitapewa kiwanja.” Akampigia mkwe wake simu, kama alivyopiga kila siku. Fundi akamjibu kama alivyojibu kila siku, kwamba amri haiko mbali, kaka anahangaika. Kifungo akachukua simu na kumwambia Bibi kwamba sasa rafu yake ina mto wa kulalia.

Watu walizoea. Binadamu huzoea hata kaburi akichelewa kufukiwa. Walijua kuzima jiko kabla ya saa kumi, kuinua redio, kufunga nyaraka kwenye mfuko wa nailoni na kuuning'iniza darini. Maharusi walipanga sherehe ianze saa kumi na moja. Wateja wa Fundi walimsifu, maana nguo zao hazikuwahi kupata tone, na kwenye ukuta wake mstari ulikuwa umeshajichora wenyewe, kijani kwa chini, mweupe kwa juu, ulionyooka kuliko upindo wowote aliowahi kushona.

Siku yenyewe mvua ilinyesha mlimani tangu asubuhi. Bondeni kulikuwa na jua. Bibi aliona kutoka dirishani kwake mteremko uliokuwa msitu ukiteremsha maji mekundu bila kuyazuia hata kidogo, akapiga simu. Fundi alikuwa anamalizia sare za shule, cherehani inapiga kelele. Simu ililia ndani ya mfuko wa nailoni, darini.

Saa kumi ilipokaribia, alifanya yote kama desturi. Alipandisha majora. Alipandisha sare. Akambusu Kifungo, akampandisha.

Unyevu ukaja. Ulianza miguuni kama kila siku, ukapanda magotini, na hakuna aliyekimbia. Mlingoti aliinua chupa yake ya gesi. Nusu aliinua kidevu. Walisimama kila mtu mahali pake, wakisubiri muda wa birika la chai upite. Fundi alitazama chini kutafuta kiatu chake, na hakukiona, kwa sababu safari hii maji yalikuwa na rangi.

“Mama, leo yanatembea,” Kifungo alisema.

Yalifika kwenye mstari na kuishia hapo, wala hayakuzidi. Mstari ulikuwa umesema kweli juu ya kimo kwa miezi yote ile. Ila unyevu ule wa kila siku ulikuwa umesimama, hata siku moja haukuwa umesukuma kitu. Haya yalisukuma. Ukuta wenye rafu ulikuwa umelowa na kukauka, umelowa na kukauka, mpaka ndani yake umebaki unga. Ulikwenda mzima mzima, na misumari yake, na rafu yake.

Fundi alikutwa jioni ile akiwa hai, amekumbatia bikoni ya zege ya kiwanja chake. Ilikuwa imechimbiwa vizuri.

Kifungo alikutwa kesho yake kwenye kalavati la barabara kuu, katikati ya majora ya vitambaa. Nywele zake zilikuwa kavu. Daktari aliandika hivyo, na hakuna aliyemwuliza zaidi.

Nusu hakupatikana. Ilipatikana baiskeli ya mteja aliyokuwa anaitengeneza, na mteja huyo alikuja kuichukua.

Bonde lilitangazwa eneo hatarishi siku tatu baadaye, maana sasa lilikuwa limefurika na kulikuwa na waliokufa. Wahesabuji wa kaya walikuja, wakafanya kazi yao kwa upole. Mlingoti alikuwa na mke na watoto, akapewa kiwanja. Fundi aliandikwa kaya ya mtu mmoja.

Anakaa kwa Bibi mlimani, katika chumba chenye dirisha moja. Godoro lilisogezwa. Anashona sare za shule, na Bibi hajawahi kumwambia kwamba alimwambia.

Mkuu wa mipango alihamishiwa mji mkubwa zaidi, wenye mito miwili.

Mpimaji yuko ofisini bado. Kila siku saa kumi, popote alipo, hulowa hadi mfuko wa shati, hata akiwa ghorofani. Wenzake walimnunulia kiti cha plastiki, na ramani huondolewa mezani kwake mapema. Aliandika pendekezo kwamba vipimo vichukuliwe masika. Lilisomwa kwenye kikao, akidi haikutimia, likasogezwa mbele.

Kisha ukaja ukame, mto ukabaki uzi. Mpimaji mwingine, kijana makini, alitumwa bondeni, na kwa kuwa eneo lilikuwa tupu, tangazo la hatari limelala kwenye faili, na mji umejaa, alipima mita arobaini huku na arobaini kule. Bikoni za zamani alizikuta ziko imara, akazitumia hizo hizo.

Familia ya kwanza ilihamia Jumamosi. Saa kumi walilowa, baba hadi kiunoni, mama hadi kifuani, mtoto hadi utosini. Mama alipanda mteremko akichuruzika, akamwuliza mtu wa kwanza aliyemwona kama hapa ndivyo palivyo.

Mtu huyo akamwambia ndivyo, akamwonyesha nyumba ya seremala.