Ukurasa wa Kumi na Nne

Alphonce hakuwa na cheti cha shule; herufi alizijua ukubwani, katika madarasa ya jioni pale Lupaso. Hakuwa na miwani inayolingana na macho yake, wala ndugu mwenye cheo. Na hakuwa na desturi ya kukubali jambo asilolisoma.

Kwa hiyo Dk. Lameck, daktari pekee wa upasuaji hospitalini Masasi, alipomwambia kwamba mguu wa mkewe Theodora ukatwe siku hiyohiyo, Alphonce alitoa mfukoni kijitabu cha vidonda vya kisukari, alichokijalidi kwa karatasi ya kaki. Mwandishi wake alikuwa Dk. Lameck mwenyewe. Ukurasa wa kumi na nne ulisema mguu usikatwe kabla daktari wa pili hajauona.

Daktari aliutazama ukurasa ule kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana.

"Mzee wangu, haya niliyaandika mahali tulipokuwa madaktari sita. Hapa niko peke yangu."

"Kitabu hakisemi hivyo."

Theodora, homa ikimchemsha, alicheka kidogo. "Baba Yasinta, mguu ni wangu au wa kitabu?" Kisha akamtazama mumewe. "Haya. Msomaji wa nyumba hii ni wewe. Ukisema tungoje, tutangoja."

Wakangoja. Dk. Lameck alirudi mara tatu kumsihi, kila mara sauti ikizidi kushuka, na kila mara Alphonce alikataa kutia saini, akijiona mwanafunzi anayemsahihisha mwalimu. Daktari wa pili alifika siku ya tatu kutoka Mtwara. Hakukaa dakika tano. Weusi ulikuwa umepita paja, na hapakuwa tena na cha kukata.

Theodora alizikwa Jumamosi, kando ya mikorosho, na miguu yake yote miwili.

Baada ya arobaini Alphonce alikaa mezani kumwandikia Dk. Lameck barua. Aliandika kwamba daktari hafuati maneno yake mwenyewe; akafuta. Akataka kuandika juu ya kosa lake yeye Alphonce, kalamu ikasimama. Mwishowe akaandika mstari mmoja: "Kitabu kikichapwa tena, ongeza katika ukurasa wa kumi na nne kwamba palipo na daktari mmoja, watu wasingoje."

Alikitia kijitabu katika bahasha pamoja na barua ile, akaifunga kwa gundi ya mkorosho, akaibana kwa kiganja hadi iliposhika. Kisha akashuka barabarani, akamkabidhi kondakta wa basi la Masasi, ambaye aliitupia juu ya dashibodi bila kusoma jina.