Kamera ya Kwenda Kuliona Gunia

Placidia alizipima kamera kwa kiganja. Anwar alimwekea tatu juu ya kaunta, naye akaziinua moja moja, akiichezesha kila moja kidogo kama mtu anayekisia kilo za maharage, kisha akairudisha mahali pake. Ya kwanza ilikuwa ndogo, na lenzi yake imegandana na mwili, haitoki. Ya pili ilikuwa ndogo vilevile, ila ilikuja na lenzi mbili za kubadilisha. Ya tatu ilikuwa jitu. Lenzi yake ilikuwa ndefu kama mchi, na mkanda wake ungeweza kumfunga mbuzi.

"Hii," alisema Placidia, akaikumbatia ile ya tatu.

Anwar alikuwa na duka la picha pale Kayanga, alilorithi kwa baba yake aliyekuja zamani kutoka Tanga. Wateja wake aliwajua, na mama huyu wa Chonyonyo alikuwa amepigwa naye picha ya pasipoti juma lililopita. Akamwuliza kwa upole kwa nini hiyo. Placidia akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu ambaye hakuzaliwa kibanjani, kwenye shamba la migomba na kahawa. Kahawa ikishachumwa humwagwa kwenye pipa la maji. Iliyo nzito huzama, na hiyo ndiyo kahawa. Iliyo nyepesi huelea, huenguliwa, hakuna anayejisifu nayo. Tangu akiwa binti mpaka sasa ana wajukuu saba, hajaona kitu chepesi kikapewa daraja la kwanza.

"Haya, bibi," alisema Anwar. "Ila nakuomba usinitumbukizie zote tatu kwenye pipa."

Placidia hakucheka. Alikuwa anasafiri kwenda Ujerumani baada ya majuma manne, na kamera hiyo haikuwa ya kupigia picha treni.

Mambo yalikuwa hivi. Yeye na wanawake wenzake wa Chonyonyo, thelathini na wanne kwa jumla, walikuwa na kikundi chao cha kahawa. Mwaka wa tatu huo walikuwa wakichuma nyekundu tu, punje kwa punje, wakirudia mti uleule mara nne kwa msimu, wakati majirani wanakamua tawi zima kwa siku moja na kwenda kupumzika. Waliambiwa kahawa yao inakwenda Ujerumani peke yake, kwenye magunia yao wenyewe yaliyochorwa jani la mgomba kwa rangi ya kijani. Waliambiwa. Aliyeona hakuwapo. Majirani waliwacheka, wakisema ikivuka mlima tu inachanganywa na ya kila mtu, na ninyi endeleeni kuumiza migongo.

Mwaka uliotangulia, mwenyekiti wa chama cha ushirika kinachouza kahawa yao, mzee Melkiory, alikwenda huko na simu yake. Picha alizopiga ndani ya ghala zilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Zile za nje zilitoka vizuri, na zote zilikuwa za Melkiory: Melkiory na theluji, Melkiory na daraja, Melkiory na sanamu ya farasi. Safari hii wanunuzi walimtaka mwanamke. Kikundi kikamchagua Placidia kwa sababu hachoki upesi, kikatoa na fedha ya kamera, na mbele ya wote wakapatana. Akirudi na picha ya gunia lao, lisomeke, wataendelea kuchuma nyekundu. Akirudi bila picha, kila mtu yuko huru kurudia butura, yaani kuiuza kahawa ingali maua mtini kwa yeyote atakayepita na fedha mkononi.

Kampire, jirani yake na rafiki yake tangu kipaimara, alimwambia usoni kwamba wa kwanza kurudi butura atakuwa yeye Kampire.

Basi pale dukani Anwar hakubishana. Alimwambia aichukue hiyo nzito akae nayo siku tatu, ndipo amwambie. Placidia akaivaa shingoni, akapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Siku ya kwanza alikwenda nayo ibadani, na mchungaji alipofika katikati ya mahubiri shingo ya Placidia ilikuwa imekwisha kuzama. Siku ya pili aliifunga mgongoni kwa kanga, watu wakamwuliza mtoto ni wa nani. Siku ya tatu aliingia nayo kwenye ghala la kikundi, chumba cha matofali chenye dirisha moja dogo, akasimama mlangoni na kulilenga gunia la pembeni. Picha ya kwanza ilitoka giza tupu. Akazungusha hiki na kile kama Anwar alivyomwonyesha. Ya pili ilitoka na mwanga kidogo, lakini mkono ulikuwa umetikisika chini ya uzito ule, na magunia yalionekana kama yanachemka.

Kampire alikuwa amekaa juu ya gunia akiangalia. "Mungu wangu," alisema, "umetuletea Melkiory mwingine. Tofauti huyu ana mkanda."

Placidia akaketi naye. Hakukasirika. Aliiweka kamera mapajani, akasema polepole, "Nimeitia kamera kwenye pipa la kahawa." Kampire hakuelewa, naye hakumfafanulia. Kesho yake asubuhi alirudi Kayanga.

Anwar alipousikia mkasa wote alisema wateja wengine hurudi kumlaumu yeye, huyu amerudi kujilaumu mwenyewe, kwa hiyo leo atamfundisha bure. Akamvutia kiti. Akamwuliza kama amewahi kumwangalia paka machoni usiku.

"Jicho lote linakuwa jeusi," alisema Placidia.

"Hapo hapo. Amefungua mlango wote ili mwanga uingie. Sasa hii ndefu, bibi, inavuta kitu cha mbali kikaja karibu, lakini mlango wake mwembamba. Gizani haina chakula."

Kisha akamwonyesha ile kamera ya pili, ndogo, na lenzi zake mbili. Moja ilikuwa ya kuvuta, si kwa nguvu kama lile jitu, ila ya kutosha, na nyepesi. Nyingine ilikuwa fupi na nene, kama kizibo cha chupa ya chai, na kioo chake cha mbele kilikuwa kipana. Hiyo fupi ndiyo jicho la paka. Ubaya wake haivuti hata kidogo. Ukitaka kitu kiwe karibu, unakwenda wewe kwa miguu yako.

Placidia akasema kutembea anakujua. Lakini akauliza, je, mahali ambapo hataruhusiwa kutembea? Anwar akajibu ndiyo maana ziko mbili. Akauliza habari za ile kamera ya kwanza, yenye lenzi isiyotoka. Anwar akasema hiyo ni nzuri kwa mtu anayekwenda kutembea mjini mchana, inaingia mfukoni na haisumbui, lakini ukiingia nayo ghalani utajuta nusu. Akauliza kuhusu baridi. Akaambiwa baridi hula betri, achukue ya pili na aifiche karibu na kifua. Akauliza kuhusu umeme. Akaambiwa matundu ya ukutani kule ni mawili ya duara, achukue na kiunganishi cha plagi. Akauliza kuhusu picha zikijaa. Anwar akamtolea kadi mbili. Adhuhuri ikafika, Anwar akaenda msikitini, akarudi, akamkuta palepale kitini akichomoa lenzi hii na kuchomeka ile.

Vitu vyote, kamera, lenzi mbili, betri, chaja na kadi, viliingia kwenye kipochi kisichozidi mkate. Placidia akakipima kwa kiganja kwa mazoea tu, kikawa chepesi, na safari hii akacheka.

Majuma yaliyobaki aliyafanyia kazi. Kila jioni aliweka gunia tupu pembeni ya jiko lake lenye moshi, akalipiga kwa ile lenzi fupi akisogea hatua kwa hatua mpaka herufi zikatulia. Mchana alivuta ndege juu ya miti kwa ile nyingine. Alijifunza kubadilisha lenzi amefumba macho, bila kuingiza vumbi tumboni mwa kamera, upesi kama mama anavyomhamisha mtoto kutoka titi hili kwenda lile. Wajukuu walichoka kupigwa picha, yeye hakuchoka.

Kwenye mkutano wa kumuaga, Melkiory aliiomba kamera, akaishika kwa vidole viwili. Alisema kwa heshima zote anasikitika, maana kikundi kizima kimewakilishwa na kitu kama kopo la ugoro. Ulaya watu wanaangalia ukubwa. Afadhali lile jitu la dukani, angalau wangejua amekuja mtu.

Placidia alimjibu akiwa ameketi. "Mwenyekiti, wewe ulikwenda na simu kubwa. Tukakuona wewe vizuri sana."

Wanawake walicheka mpaka benchi likalia. Melkiory naye, baada ya kutafuta pa kuangalia, akacheka pamoja nao.

Ghala la Ujerumani lilikuwa kubwa kuliko kanisa lolote alilowahi kuingia. Rafu zilipanda mpaka darini, na kila rafu magunia, mamia kwa mamia, na taa chache zilizoning'inia mbali. Chini palichorwa mstari wa njano. Mwenyeji, bwana mrefu mwenye saa kubwa, alieleza jambo, na mkalimani Manirakiza, Mrundi mwenye upara aliyeishi huko miaka mingi, akalitafsiri: wageni hawavuki mstari, magari ya kunyanyulia mizigo yanapita. Kahawa ya Chonyonyo imo humu ndani. Ni rafu ipi, haijulikani, karatasi hazipo hapa. Na ziara hii ni ya dakika kumi.

Placidia akawa amesimama kwenye mstari. Mbele yake mamia ya magunia, na moja tu ndilo lililompandisha ndege. Lenzi fupi ilikuwa kwenye kamera, na pale aliposimama haikuwa na faida, kwani miguu imekatazwa. Akaitoa, akaweka ya kuvuta. Hakupiga picha. Aliitumia kama jicho. Alianza na rafu ya chini kushoto, akaenda mpaka mwisho wake, akapanda ya pili, akaenda mpaka mwisho wake, hivyo hivyo, bila kuruka gunia, kama anavyochuma mti: tawi la chini kwanza, na huachi tawi kwa kuwa umechoka. Wageni wengine walikwisha kuelekea mlangoni. Manirakiza alikohoa. Placidia alikuwa rafu ya nne.

Hapo akaona kijani.

Akabonyeza. Picha ikatoka na giza, na lile jani likawa kama nyasi iliyotafunwa na ng'ombe. Alijua Kampire angesema nini akiiona. Lakini mahali alipajua sasa. Dereva wa gari la kunyanyulia alikuwa amesimama karibu akingoja wageni wapite, mwanamke mnene mwenye ovaroli ya buluu. Placidia akamwendea, akamwonyesha kioo cha kamera, akamwonyesha juu kwa kidole.

"Mwambie," alimwambia Manirakiza, "lile gunia lina wenyewe thelathini na wanne, na wenzangu wote wananisubiri mimi."

Manirakiza akamwambia. Dereva akamtazama bwana mrefu. Bwana mrefu akaitazama saa yake, akamtazama mama huyu wa makamo na kikamera chake, akatikisa kichwa kukubali. Gari likanguruma, mikono yake ya chuma ikapanda hadi rafu ya nne, ikashuka na magunia sita, ikayatua taratibu ukingoni mwa mstari wa njano.

Placidia alikwisha kubadilisha lenzi. Alipiga magoti sakafuni, akasogea mpaka goti likagusa mstari, akabana pumzi. Picha ya kwanza. Jani la mgomba lilikaa pale kwenye kioo, la kijani, na chini yake neno Chonyonyo, herufi zote, hata pale rangi ilipotiririka kidogo. Alipiga nyingine nane. Kisha akamwomba dereva asimame kando ya gunia, akampiga picha na yeye.

Alirudi nyumbani siku ya Alhamisi, na Jumamosi kikundi kikakutana. Anwar alikuwa ameisafisha picha kubwa, pana kama nusu ya mlango, akaileta mwenyewe kutoka Kayanga, akapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyopewa. Placidia hakuhutubia. Aliibandika ukutani, akakaa.

Mtu mmoja akasoma kwa sauti ndogo, Chonyonyo. Mwingine akasoma tena. Melkiory alivaa miwani yake. Kampire akainuka nyuma, akapita katikati ya watu, akaweka uso wake karibu na karatasi, si kwenye jani wala kwenye maandishi, bali juu, kwenye mdomo wa gunia. Akagusa uzi kwa kidole.

"Huu mshono ni wangu."

Wakamwuliza amejuaje. Akawaambia wote watazame. Yeye hushona kwa mkono wa kushoto, uzi wake hulala upande wa pili, na toka utoto anasemwa kwa ajili hiyo. Wakasogea, wakaona. Mishono ya magunia ya pembeni ililala hivi, wa lile moja ulilala vile. Mkono wa Kampire ulikuwa umefika Ujerumani, umekaa rafuni, na hakuna aliyeuchanganya na wa mtu.

Kampire akageuka. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ileile. "Nani alikuwa anasema anarudi butura?"

"Wewe," walijibu watu kama kumi.

"Mimi nilikuwa sijaona," alisema Kampire, akanyoosha mkono wa kushoto juu kabisa, kabla ya mwenyekiti kuita kura ya kuendelea kuchuma nyekundu, na vigelegele vikaanzia upande wa dirishani.