Mkono wa Nesta Waenda Jela

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka 2013, saa nne asubuhi, Nesta alikuwa mtu wa saba kwenye foleni ya ATM pale Tunduma, kadi ya bosi wake ameifumbata kiganjani na namba ya siri ameiweka kichwani, kama alivyofanya kila Jumatatu kwa miaka mitatu. Bosi mwenyewe, Nikodemo, mwenye gesti ya vyumba kumi na viwili karibu na mpaka, hakupenda foleni. Foleni ni za malori, alikuwa akisema. Kadi alimkabidhi Nesta pale mapokezi, na Nesta, binti wa kijiji cha Ndalambo aliyefunzwa adabu akafunzika, aliipokea kwa mikono miwili, magoti ameyakunja kidogo. Alitoa laki nne, akampelekea, akarudi kufua mashuka.

Laki nne hizo zilivuka mpaka siku hiyohiyo kwenda kwa mwanamke wa Nakonde, upande wa Zambia. Ujumbe wa benki, bahati mbaya, uliingia wakati simu anayo Anastazia, mkewe Nikodemo. Mwanamume akibanwa na mkewe hana dini. Nikodemo alisema kadi imeibwa, na kabla jua halijazama Nesta alikuwa kituo cha polisi, viatu ameshavuliwa.

Mahakamani alieleza yote. "Alinipa mwenyewe, mheshimiwa. Nilipokea kwa mikono miwili."

Hakimu, mtu mpole aliyekuwa na kesi kumi na tisa asubuhi hiyo, aliuliza iko wapi karatasi ya ruhusa. Karatasi! Nani anamwandikia mfanyakazi wake karatasi ya kumtuma? Nikodemo alisimama pembeni na tai yake ya Jumapili, anatazama dari. Ikaletwa picha ya kamera ya benki, wazee wa baraza wakapokezana miwani. Uso haukuonekana. Ulionekana mkono wa kulia, kuanzia kifundo, unachomeka kadi.

"Kutumia kadi ya mtu bila idhini yake ni wizi," hakimu alisema. "Na aliyeonekana akiitumia ni mkono huu. Mkono wa kulia, miezi sita jela. Waliobaki mnaweza kwenda nyumbani."

Nesta aliomba mkono wa kushoto usikilizwe, maana nao ulikuwepo kadi ikipokewa. Hakimu akamjibu kwa upole kwamba wa kushoto ni ndugu wa mshtakiwa.

Askari aliushika mkono, ukatoka kwenye kifundo bila damu, kama hindi kavu linavyotoka kwenye bua. Akautia kwenye bahasha ya kaki, akataka saini. Nesta aliweka dole gumba la kushoto. Pete ya shaba aliyoachiwa na mama yake ilibaki stoo ya polisi, na mpaka leo inatafutwa.

Serikali ina mkono mrefu, watu wa mtaani walitania, na sasa imeongezewa wa Nesta.

Gesti alifukuzwa. Akaanza kuuza chumvi ya Ivuna kwa kopo, na kwa kuwa hakuna anayetaka kupewa chakula kwa mkono wa kushoto, wateja walijipimia wenyewe, kila mtu kwa kadiri ya roho yake. Jumapili alikwenda gerezani kuutembelea mkono. Ulikuwa umepangiwa shamba la kahawa, kupalilia, na ulishika jembe vizuri kuliko wafungwa wengi wenye miguu. Aliupelekea mafuta ya kupaka. Askari magereza aliyarudisha, kwamba wafungwa huletewa chakula, mafuta hayamo. Alichoka, jamani. Alichoka kueleza.

Lakini lililomkosesha usingizi halikuwa chumvi wala gereza. Baba yake kule Ndalambo, Mzee Mbonile, alikuwa kitandani na hakuwa mtu wa kuona mavuno mengine. Macho yalikwisha zamani. Sauti za watu hakuziamini tangu alipoibiwa ng'ombe na mtu aliyemwita baba kwa sauti ya mwanawe. Watu aliwajua kwa makofi, yale ya kuchuchumaa na kusalimu wakubwa. Makofi, alisema, hayaigizwi. Na alikuwa na baraka moja tu iliyobaki, ya Nesta.

Mwezi wa pili wa kifungo Nesta alikwenda. Akachuchumaa, akajipiga paja kwa mkono uliobaki.

"Nani anaua mbu hapo?" mzee aliuliza.

"Ni Nesta, baba," alisema Tumpe, wifi yake.

"Nesta akija atasalimu."

Nesta akarudi Tunduma kuhesabu siku.

Mkono ulipunguziwa theluthi kwa tabia njema. Ulitoka mwezi wa sita, Nesta akatia saini, ukajishikiza mahali pake bila maneno. Ulikuwa na sugu nne kubwa na kovu la panga. Asubuhi hiyo, akienda stendi, alipita benki. Kwenye foleni alisimama Shani, mfanyakazi mpya wa gesti, kadi ya Nikodemo ameifumbata. Nesta alimwambia adai karatasi. Shani alicheka, "Dada nawe! Bosi nimdai karatasi?" Foleni ikasogea.

Ndalambo alifika saa tisa. Mzee alikuwa bado anapumua. Nesta alichuchumaa karibu na kitanda, akapiga makofi matatu, taratibu, kama alivyofundishwa tangu mdogo.

Mzee Mbonile alitulia, akasikiliza hadi la mwisho.

"Karibu, mgeni," alisema. "Umelima sana wewe. Hiyo ni mikono ya mtu aliyefungwa."

"Baba, ni mimi."

"Sauti unaijua. Makofi siyo." Akapapasa hewani, akaipata ile mikono, akaishika kwa huruma. "Tumpe, mpe mgeni kiti. Ukipita Tunduma, mwanangu, ninaye binti pale, Nesta. Mwambie aje upesi. Namsubiri yeye tu."

Tumpe alileta kiti. Nesta alikipokea kwa mikono miwili, akakaa.

"Nitamwambia, mzee," alisema.