Mpagazi, Mzigo Uko Huku

Bondia hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: asianguke. Masolwa alilishika somo hilo kwa miaka kumi na moja, na aliyetaka kumwona chali alipoteza kiingilio chake. Leo ana miaka thelathini na minne, amesimama uani kwa Fundi Abasi hapo Tabora, juu ya magunia yaliyojazwa makapi ya mpunga, na anaambiwa aanguke.

"Unaanguka kama mtu anayekaa kula," alisema Fundi Abasi. "Rudia."

Masolwa alirudia. Alirudia mwezi mzima, mgongo ukavimba, na kila alipokunja ngumi Abasi alimpiga vidole kwa rula ya kupimia nguo. Ngumi hazitakiwi huku, bwana. Huku ni mieleka ya kulipwa, ya wawili kwa wawili, kama Abasi alivyoiona kwa macho yake Mombasa mwaka sitini na nane, akarudi nayo kichwani, akajenga ulingo wa mbao na kamba za katani, na kaptula za wachezaji akazishona mwenyewe kwa cherehani yake. Nani ashinde na nani ashindwe lilikubaliwa hapo uani. Watazamaji hawakuambiwa, na ukweli ni kwamba hawakutaka kuambiwa.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Mmoja anapigana ulingoni, mwenzake anangoja pembeni, nje ya kamba, amenyoosha mkono. Ukizidiwa, unaugusa ule mkono, wewe unatoka na yeye anaingia. Usipougusa, haingii, utakula kichapo chako peke yako.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida ya Masolwa, ambayo hakumwambia mtu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Liliuawa na ngumi huko Mwanza, na daktari wa hospitali ya Kitete hapo Tabora alilimulika na tochi akamwambia, "Hili limekwisha. Ukipigwa la pili utaongozwa kwa fimbo." Ukilitazama kwa nje lilikuwa zima, jeupe na jeusi kama jicho la mtu yeyote. Masolwa aliwaambia watu wa ngumi kwamba amechoka, wakamwamini. Kwa Abasi alikuja mdomo umefungwa, kwa sababu siku ya kwanza tu fundi alisema, "Mgonjwa, mlevi na mlemavu wasiguse kamba zangu. Mtu akivunjika shingo serikali itanifungia." Masolwa aliitikia kama wenzake. Angefanya nini? Nyumbani Puge kaka yake alikuwa amekwisha kumwandikisha katika kijiji cha ujamaa, na jembe lake lilikuwa linamngoja. Kulima si aibu, baba yake alilima. Lakini Masolwa aliwahi kuusikia uwanja mzima ukiita jina lake, na alijua kwamba akikaa bila ulingo atakuwa mtu aliyekufa anayetembea. Hilo aliliogopa kuliko upofu.

Abasi alimpa Masolwa mwenza wa ulingoni, Silasi, Mgogo wa Dodoma, mchukuzi wa mizigo pale stesheni, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Siku walipokutana Silasi alimvua Masolwa kofia, akaivaa, akaondoka nayo. Masolwa alicheka, atafanyaje? Ni mtani wake. Zamani babu zake Masolwa, wapagazi wa Tabora, walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani ilibidi wapite Ugogo, na huko hata maji ya kunywa waliyalipia kwa vitambaa ndipo wayapate. Ugomvi ule uligeuka utani, na utani una sheria zake. Mtani atakula chakula chako, atamtukana maiti wako msibani, na wewe utanyamaza au utajibu matusi kwa matusi. Kukasirika hakuna. Anayempiga mtani wake kwa hasira huambiwa hana kwao.

Mchezo wa kwanza walicheza Kigwa, mbele ya watu wa reli. Masolwa alipozidiwa, kama ilivyopangwa, alijiburuta kwenye pembe yake, akapeleka mkono. Mkono ukashika hewa. Silasi alikuwa upande wa kushoto, hatua moja tu, na Masolwa hakumwona. Akapapasa tena, watu wakaanza kunong'ona.

"Mpagazi wee," Silasi akapaza sauti, "mzigo uko huku. Babu yako alipotea njia Ugogo, wewe unapotea kwenye mbao nne?"

Masolwa aligeukia sauti, akaupata mkono. Uwanja ulivunjika mbavu. Tangu siku hiyo Silasi hakufunga mdomo tena. Kila walipokwenda ilikuwa mpagazi hivi, mpagazi vile, na Masolwa naye akimjibu, "Kaa kimya, muuza maji," na watu walikuja kwa ajili ya matusi kuliko mieleka. Abasi alifurahi. Masolwa hakufurahi. Miaka kumi na moja watu walimwogopa, sasa wanamcheka, na kila tusi lilimchoma kidogo zaidi ya lililopita. Wala hakujiuliza kwa nini mdomo wa Mgogo yule ulifunguka pale pale mkono ulipohitajika.

Mwanzoni mwa Juni walicheza Nzega, kwenye ghala la pamba. Masolwa alikuwa amebanwa shingo, masikio yanalia, mara ya pili mkono umemkosa. Silasi alimwita mpagazi, akamwita tena, hakusikia. Ndipo Mgogo alipopiga kelele ya kufikia paa la ghala.

"Kipofu wewe, mkono huu hapa."

Hilo alilisikia. Damu ilimpanda kichwani. Aliona siri yake imeanikwa mbele ya Nzega nzima, na mbele ya Abasi aliyekaa mstari wa mbele na utepe wake wa kupimia shingoni. Vidole ambavyo rula ilivikunjua kwa mwezi mzima vikajikunja vyenyewe. Alijinasua, akaifuata sauti pembeni, akampiga Silasi ngumi moja ya kulia, ya kweli, ile ya siku za ubondia. Watu walishangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo, na Abasi pia alidhani hivyo mpaka alipoona Silasi haamki.

Taya lilikuwa limevunjika. Kitete waliyafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wakamwambia Silasi asifungue kinywa kwa wiki sita, atakunywa uji kwa mrija. Masolwa alimwambia Abasi kwamba alisahau tu, mkono ni wa bondia. Abasi hakuridhika sana, ila sikukuu ya Saba Saba ilikuwa karibu na matangazo ya mchezo yamekwisha kubandikwa.

Siku nne Masolwa hakwenda hospitali. Aibu ilimla. Wagogo wa stesheni walipomwona walivuka barabara, hakuna aliyemtukana, na kimya kile kilimuuma kuliko matusi yote ya mwaka. Siku ya tano alibeba kuku mweupe, kama anavyotakiwa mtu aliyemkosea mtani wake, akaenda Kitete. Wauguzi walimzuia kuku mlangoni. Aliingia mikono mitupu, akasimama kando ya kitanda.

"Mtani," alisema, "nimekosa. Sina la kujitetea."

Silasi alichukua penseli na karatasi ya sukari, akaandika polepole kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, akampa. *Jicho lako la kushoto halioni. Nimejua tangu Kigwa. Ulidhani nilikuwa napiga kelele za nini?*

Masolwa aliisoma mara tatu. Halafu alikaa chini, sakafuni, akalia mbele ya wagonjwa wa wodi nzima, mtu mzima yule. Silasi alimwacha alie. Alipomaliza alimpa karatasi nyingine. *Sikumwambia fundi. Saba Saba tunacheza.*

Saba Saba ilifika wiki ya tano, waya ungali kinywani. Abasi alimshonea Silasi kinyago cha kitambaa chekundu kilichofunika uso na bandeji, akawaapisha wapinzani kwamba hakuna atakayemgusa kichwa. Masolwa na Silasi walikubaliana wawili faraghani: Silasi atapiga mguu kwenye mbao ili Masolwa asikie. Ulikuwa mpango mzuri, kasoro yake ni kwamba hawakukumbuka ngoma. Siku ya Saba Saba Tabora haikai kimya. Kulikuwa na ngoma huku na bendi ya matarumbeta kule, na mguu wa Silasi ulipotea kabisa.

Masolwa alibanwa, akajinasua, akaenda pembeni, akapeleka mkono. Hewa. Mpinzani akamrudisha katikati, akamwangusha. Akaenda tena, akapapasa kamba kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Hewa. Watazamaji hawakucheka. Alimsikia mtu wa mbele akisema, "Huyu ana nini?" Wapinzani wenyewe walianza kutazamana, maana hapo mchezo ulitakiwa uwe umekwisha kubadilika.

Angeweza kulala chini, ahesabiwe, yaishe, na siri ingebaki salama. Alilifikiria hilo, tusimsingizie ushujaa. Ila aliifikiria pia ile karatasi ya sukari. Mtu amemfichia siri huku taya limefungwa waya, na yeye aliyelivunja bado anajificha.

Alimsukuma mpinzani, akaenda kwenye kamba za upande walikokaa Wagogo wa stesheni, akainua mikono. Bendi ikanyamaza, ikidhani kuna ajali.

"Watani zangu," alisema. "Jicho langu la kushoto limekufa. Silasi ndiye aliyekuwa akiniongoza kwa matusi, na mimi nikamvunja taya kwa hasira. Leo hawezi kusema. Nawaomba mnitukane."

Masolwa alisikia bendera zikipigwa na upepo. Abasi alikuwa amesimama, utepe mkononi. Kisha mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa akiuza karanga stesheni, Perusi jina lake, aliweka ungo wake chini, akazunguka taratibu mpaka nyuma ya pembe ya Silasi, akashika kiuno.

"Mpagazi," alisema kwa sauti kubwa, "mzigo uko huku."

Wagogo wote waliinuka wakamfuata. Walijazana kwenye pembe ile, wakamtukana Masolwa kwa deni la wiki tano zote: babu yake, miguu yake, mihogo ya kwao, pua yake. Masolwa alifunga hata lile jicho zima, akayafuata matusi hatua kwa hatua, akapeleka mkono. Vidole vya Silasi vilikuwepo. Silasi aliruka kamba na kinyago chake chekundu, na Tabora ikapiga kelele mpaka bendi ikaanza upya bila kuambiwa. Wakashindwa, kama ilivyopangwa.

Baada ya mchezo Masolwa alimletea Abasi kaptula, ameikunja vizuri. "Najua sheria yako, fundi," alisema. "Nitakwenda Puge."

Abasi aliipokea, akaitazama kama anatafuta mshono uliofumuka. "Jicho limekufa lini?"

"Kabla sijaja kwako."

"Na hukusema." Fundi alivuta pumzi. "Njuga, Masolwa. Njuga mbili za wacheza ngoma, ningezishona kwenye kitambaa cha kifundo cha mkono wa Silasi, ungeusikia hata gizani. Kazi ya dakika tano. Wewe umeona bora uvunje taya la mtu."

Abasi alimtupia kaptula yake, akamwambia mchezo unaofuata ni Kigwa mwezi wa nane, na akichelewa garimoshi atajua mwenyewe.

Siku ya Kigwa njuga zilikuwepo, zimeshonwa kwenye kitambaa chekundu mkononi mwa Silasi. Waya ulikwisha kutolewa, ingawa Silasi alitafuna upande mmoja tu, na atatafuna hivyo maisha yake yote. Masolwa alibanwa, akaangushwa, akaanguka vizuri sasa, akajiburuta kwenye pembe. Kushoto kwake njuga zililia, mara moja, mara mbili. Alizisikia sawasawa. Akasimama pale, mkono ameushusha, akangoja atukanwe.