Maua Yaliyohamia kwa Bi Noorbanu

Jumanne moja ya Mei, saa moja na nusu asubuhi, Bi Noorbanu alikuwa akichuja chai jikoni kwa mwanawe Haider, huko Markham, Kanada, alipoona maua yakivuka barabara. Yalikuwa triliamu, yale maua meupe ya msituni yenye petali tatu juu ya majani matatu. Yalisubiri gari la taka lipite, yakavuka, yakapanga foleni mlangoni.

Akafungua.

"Karibuni. Futeni mizizi hapo mkekani."

Yakafuta. Kufikia adhuhuri yalikuwa yamejaa sebuleni na kwenye ngazi hadi ghorofani. Bi Noorbanu alifunga mapazia, kwa kuwa hayapendi jua kali. Mkwewe Rukhsana aliporudi kazini alivua viatu, akauliza kama yameshapewa maji, kisha akapita kandokando ya ukuta kwenda kupika.

Haider alirudi jioni. Kazi yake ilikuwa kukagua viwanja kabla ya ujenzi, kuona kama vina mimea ya kuhifadhiwa. Februari alikwenda kwenye msitu mdogo nyuma ya mtaa wao, theluji ikimfika magotini, akaandika kwamba hakuona ua hata moja. Alijua yamelala chini ya theluji. Utotoni alikuwa akiyapita kila siku akienda shule.

Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Mama, haya..."

"Uliandika hukuyaona. Yamekuja uyaone."

Haider akaketi kwenye ngazi, mahali palipobaki wazi, asijue aweke wapi miguu.

"Mpigie bosi wako," mama yake akasema. "Mwambie ukweli."

Akapiga. Akaeleza yote. Bosi alisikiliza mpaka mwisho.

"Yote yako nyumbani kwako?"

"Yote."

"Basi msituni hayapo. Ripoti yako ni sahihi."

Alhamisi matingatinga yakaingia. Kufikia Septemba msitu ulikuwa nyumba kumi na nne, zenye gereji mbili mbili. Triliamu zilibaki kwa Bi Noorbanu, na wageni wakazoea kuzikwepa.

Majira ya baridi yaliyofuata Haider alitia saini ripoti nyingine mbili, zote za viwanja vilivyofunikwa na theluji.

Mei ilipofika, mama yake alihamisha magari nje, akafungua mlango wa gereji yao, akatandika mkeka mpya.